Hudi ya Chuo

Nilirudi nyumbani Konoin, Bomet, nikiwa nimevaa hudi ya chuo, ile nzito ya pamba yenye nembo kifuani. Nilikuwa nimeacha masomo miezi saba nyuma. Mama hakujua, na hudi ilinisaidia kudanganya.

Kesho yake tuliingia kwenye chai alfajiri. Nilivaa tishati, hudi, halafu nailoni juu. Nikajiona niko sawa. Kufikia saa tatu jasho lilikuwa limeloanisha kila kitu, kwa sababu nailoni huzuia mvua isiingie lakini pia huzuia jasho lisitoke. Mchana upepo wenye unyevu wa Ziwa Victoria ulipanda vilima hivi, kama kawaida, ukamwaga mvua. Tukiwa kwenye laini ya kupima majani, bila kusonga, nilianza kutetemeka hadi meno yakagongana.

Usiku Mama alipanga nguo kitandani, moja baada ya nyingine.

"Jezi ya mpira ndiyo ya kwanza," akasema. "Haishiki maji. Halafu sweta ya sufi, hata ikiloa bado inakupa joto. Ukianza kuchuna, ivue kabla jasho halijaanza. Ukienda kusimama kwenye laini, irudishe. Nailoni ni ya mwisho, na ishuke nje ya gambuti, sio ndani, usije ukabeba maji kwa miguu."

Wanaopanda Mlima Kenya hulipia pesa nyingi mpangilio huohuo: ya kutoa jasho, ya kushika joto, ya kuzuia upepo na mvua. Mama alinunua vyote mitumba, isipokuwa nailoni.

Kisha akaisukuma hudi kando. "Hii ya chuo iache. Pamba inakunywa maji, haikauki. Utarudi nayo chuoni."

Ningenyamaza tu. Lakini karo yangu ya miaka miwili ilitoka kwenye haya majani, kilo kwa kilo, na mgongo wake nilikuwa nimeushinda nao siku nzima mbele yangu.

"Mama, sirudi. Nilitoka tangu mwaka jana."

Alikaa kitandani. Nje mvua ilikuwa bado inapiga mabati. Alishika ile hudi muda mrefu, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye sanduku lake la nguo za kanisa. Hakuniuliza kwa nini. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Kisha akanirushia jezi.

"Kesho saa kumi na mbili," akasema. "Anza na hiyo."