Kwa Mwanangu wa Tororo, Kuhusu Jiko Lako la Gesi

Busia, upande wa Kenya

Mwanangu mpendwa,

Nilifurahi kusikia kuwa mmepata nyumba huko Tororo, upande wa Uganda, na kwamba mumeo amenunua jiko la gesi la bana tatu. Mama yako ananiambia bado unaliogopa, kwa kuwa umelelewa kwenye kuni na makaa, na kwamba hulifanyii usafi zaidi ya kupitisha kitambaa juu yake. Mimi ni senge yako, yaani shangazi yako, na mambo ya jikoni ni zamu yangu kukuambia. Soma barua hii yote kabla hujawasha moto wa jioni.

Ninalotaka ulishike ni hili: siku ya kulisafisha jiko la gesi ndiyo siku ya kulikagua. Anayelisafisha vizuri kila wiki hukuta kila hitilafu ingali ndogo. Anayelifuta juu tu huja kuikuta siku ambayo imeshakuwa kubwa.

Anza kwa kuutazama moto wenyewe. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na ikipata hewa ya kutosha huwaka buluu, mwali mfupi uliotulia. Ukiona ndimi za manjano zikirukaruka na sufuria ikirudi na masizi chini, ujue hewa haitoshi. Mara nyingi matundu ya bana yamezibwa na uji, maziwa au maji ya maharage yaliyofurika, na wakati mwingine buibui amejenga ndani ya bomba linalopeleka gesi kwenye bana. Moto wa namna hiyo unamaliza gesi yako bure, na unatoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Ni hiyo hiyo inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani usiku wa baridi. Kwa hiyo masizi kwenye sufuria usiyasugue ukanyamaza. Tafuta yametoka wapi.

Ukitaka kusafisha, zima bana zote, funga gesi kwenye mtungi, kisha uache jiko lipoe kabisa. Toa vyuma vya kutegea sufuria pamoja na kofia za bana, uvitie kwenye beseni la maji moto na sabuni ya vyombo, na uviache vilowe wakati unafanya kazi nyingine. Uchafu uliolowa hutoka kwa mswaki mkuukuu. Waya wa kusugulia sufuria uweke mbali na bana: unakwaruza, na vipande vyake hukatika vikabaki ndani ya matundu. Soda ya kuzibulia sinki nayo usiiguse kwa kazi hii, maana kofia nyingi ni za aluminiamu na dawa hiyo hula aluminiamu. Zibua matundu moja moja kwa pini, suuza, kisha anika juani hadi kila tundu likauke. Ukirudisha kofia, hakikisha imekaa sawa kwenye kiti chake. Ikiinama kidogo tu, moto utatoka upande mmoja.

Chini ya kila bana utaona kitundu kidogo cha shaba ambamo gesi hutokea. Hicho usikitie sindano hata siku moja. Kimetobolewa kwa kipimo, na ukikipanua gesi itapita nyingi kuliko hewa, na manjano ile haitaondoka tena. Kikiziba, mwite fundi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijitabu vinavyokuja na majiko haya haviandiki, kwa sababu walioviandika hawapiki tunavyopika. Ugali wetu wa mhogo na mtama unasongwa kwa mabega. Mwiko ukizama, sufuria inasukumwa, jiko linasogea, na mpira wa gesi ulio nyuma yake unavutwa. Ukifanya hivyo kila jioni, maungio yanalegea polepole pasipo mtu kujua. Weka jiko kwenye meza nzito isiyotikisika, na mpira uwe na nafasi ya kulegea bila kupita chini au nyuma ya jiko palipo na joto. Maji yakichemka na unga ukishika, zima moto, ushushe sufuria sakafuni juu ya kata, uibane kwa miguu ukiwa umevaa viatu, usonge hapo. Kisha uirudishe jikoni iive kwa moto mdogo. Siku ya wageni, ugali wa watu kumi upike nje kwenye makaa, na gesi uiachie mboga na chai. Hakuna ubaya katika hilo. Na kama jiko lako ni lile lenye kioo juu, basi hata usijaribu kusongea juu yake, na usimwagie maji baridi kioo kikiwa moto, kitapasuka.

Mpira wenyewe uukague kwa vidole kila unaposafisha. Uukunje kidogo uone kama una nyufa, tafuta meno ya panya, na ujaribu klipu za pande zote mbili kama zimebana. Kisha fungua gesi bila kuwasha bana, upake povu la sabuni kwenye maungio yote na kwenye mdomo wa mtungi. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja: funga mtungi na usipike hadi patengenezwe. Anayetafuta mvujo kwa njiti ya kiberiti anatafuta msiba.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni na kujikusanya kwenye pembe. Ndiyo maana mtungi haufai kufungiwa kabatini, bali usimame wima mahali penye hewa. Harufu mbaya unayoisikia imetiwa makusudi, kwa kuwa gesi yenyewe hainuki. Ukiisikia, zima moto wowote uliopo, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na utoe watoto nje. Swichi ya taa usiiguse, wala kuiwasha wala kuizima. Cheche yake inatosha.

Kuhusu mtungi nina wasiwasi zaidi, kwa sababu ya mpaka wetu huu. Mwaka 2023 Kenya iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia, na najua mtu wa Tororo anaweza kushawishika kuvusha mtungi kutoka huku Busia au kupitia Malaba. Lakini midomo ya mitungi haifanani yote. Regulata ya kampuni moja inaweza kukataa mtungi wa nyingine, na ikikataa, mtu asiilazimishe kwa uzi au kwa utepe. Nunua kwa wakala anayejulikana huko huko uliko, ukague lakiri, na umwambie apime mtungi kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Ongeza kilo 6 kama ni mdogo, uone kama hesabu inakubali. Ukipungukiwa, huenda gesi imehamishwa kutoka mtungi hadi mtungi uani kwa mtu.

Kazi hizo za kujaza gesi pasipo kibali usizionee huruma. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, na mamlaka ya nishati ikasema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha kujazia gesi mahali pale. Waliolala majumbani mwao ndio walioungua.

Mtungi ukiletwa na boda boda ukiwa umelazwa, uusimamishe wima na uuache utulie kabla ya kuunganisha, kwa sababu gesi ya ndani ni maji, na hayo maji hayatakiwi kuingia kwenye regulata.

Mpira wa gesi huwa umechapishwa tarehe ya kutengenezwa. Kesho asubuhi uitafute, uniandikie kwenye simu. Kama umepita miaka mitano, au hauna tarehe yoyote, mwambie mumeo anunue mpya kabla ya Jumapili.

Msalimie sana.

Ni mimi senge yako