Trekta ya Isimani na Duka la Spea

Lile duka la spea za matrekta mjini Iringa limevunjwa. Nilipita hapo na mjukuu wangu tukitokea sokoni, tukakuta kuta zimelala chini, mabati yamerundikwa pembeni na vijana wanapakia matofali kwenye fuso. Mjukuu akataka kujua kwa nini nimesimama. Nikamwambia kwamba bila duka hili trekta iliyoko nyumbani isingewaka tena. Akashangaa. "Lakini babu, spea si unaagiza tu kwa simu?" Anasoma chuo, ni kijana mwenye akili, na simlaumu kwa kuwa hakuwahi kuingia humo. Ila swali lake limenikaa kifuani, na haya ndiyo majibu yangu.

Sisi watoto wa Isimani tulikua tukisikia matrekta. Tarafa yetu iko kaskazini mwa mji, njia ya Dodoma, kabla hujateremka Nyang'oro kuelekea Mtera. Ardhi yake ni ya mahindi, na mvua yake ni moja tu kwa mwaka. Inaanza Desemba hivi, na mwaka ikiamua kuwa na roho mbaya hukatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mkulima wa kule anashindana na siku. Mwenye jembe la mkono akiwa bado anakwatua kona moja, mwenye trekta ameshamaliza shamba lake, amehamia kwa jirani na usiku anawasha taa aendelee. Jirani alilipa kwa eka, fedha taslimu au magunia baada ya mavuno.

Ya kwetu waliichangia baba na baba mkubwa. Baba alikuwa akisema waliinunua mwaka wa Azimio la Arusha. Namba iliyopigwa kwenye kibati chake inaashiria 1968. Shangazi naye anashikilia kwamba aliiacha nyumbani siku alipoolewa, na cheti chake cha ndoa ni cha 1966. Nimeyalinganisha hayo matatu nikayaacha yalivyo. Ilifika kabla ya mvua, na hilo ndilo wote wanalokubaliana.

Ilikuwa Massey Ferguson 135, boneti nyekundu, injini na giaboksi za kijivu, imetengenezwa Coventry, Uingereza. Aina hiyo ilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1964. Injini ni Perkins ya dizeli, silinda 3, lita 2.5, nguvu za farasi 45. Trekta hii haina chesesi. Injini imefungwa kwa bolti kwenye giaboksi, giaboksi kwenye nyumba ya difu, na vyuma hivyo vitatu ndivyo uti wake wa mgongo. Ukitaka kubadili klachi unaitenganisha trekta nzima katikati, kichwa huku, mkia kule. Nyuma ina mikono mitatu ya kushikia plau, mpango aliouvumbua Harry Ferguson. Plau ikikutana na udongo mgumu, mkono wa juu unasukumwa mbele, haidroliki inapata habari na kuinyanyua plau kidogo, na uzito unaelemea matairi ya nyuma yasiteleze. Kwa njia hiyo trekta ndogo ililima ardhi ambayo trekta nyingine ingehitaji kuwa nzito zaidi ili kuilima.

Haya yote sikuyasoma shuleni. Niliyajua dukani.

Duka lilikuwa chumba kirefu chenye giza. Ukiingia kutoka juani hukuona kitu kwa muda, kwa hiyo harufu ndiyo iliyokupokea: grisi, mpira mpya wa mikanda ya feni, karatasi za mafuta zilizofungia beringi, gasketi za kizibo, na kutoka chumba cha nyuma iliki ya chai iliyokuwa ikichemka. Hata leo nikifungua boksi la beringi nzuri, nainusa kwanza ile karatasi. Macho yakishazoea unaona rafu mpaka darini, na kila rafu imepangwa makopo yaliyoandikwa namba kwa rangi nyeupe. Kaunta ilikuwa ubao mmoja wa mninga, umeliwa katikati kwa vyuma vilivyoburutwa juu yake.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mfupi, mzaliwa wa palepale Iringa, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alivaa shati jeupe, na ingawa alishika vyuma kutwa nzima, sikuwahi kuliona na doa la oili. Hakumuuzia mtu kitu kwa maneno. "Leta kuukuu," ndiyo salamu yake. Baba anafungua gunia, anatoa beringi iliyokufa. Mzee anaipokea kwa mikono miwili, anaizungusha karibu na sikio, anapitisha kidole kwenye njia ya gololi, anaipima kwa kalipa, halafu anasema ilivyokufa.

"Bwana, hii imeingia maji. Sili ya nje imekwisha. Ukichukua beringi peke yake, mwezi ujao tunaonana tena hapa."

Baba angesema fedha haitoshi vyote viwili. Mzee angerudisha beringi kwenye kopo. Aliona afadhali akose kuuza kuliko kuuza nusu ya matengenezo. Mara nyingi mwisho wake uliandikwa kwenye daftari refu lililokaa kwenye droo: jina, namba ya spea, bei, na neno "mavuno". Sikumbuki baba kuliona daftari lile kama mzigo. Lilikuwa ushahidi kwamba mjini kuna mtu anayeamini shamba lake.

Siku ambazo wateja ni wachache alifungua kitabu cha spea. Kilikuwa na michoro ya kila sehemu ya trekta, vipande vimetawanywa hewani kwa mpangilio wake, kila kimoja na namba. Aliniita kaunta, mimi na kijana wake wa kazi aliyepanda ngazi kuleta makopo, akaweka kidole kwenye washa moja ndogo. "Hii inaingia kabla ya springi au baada?" Ukijibu sawa unapewa kipande cha sukari guru. Ukikosea unaambiwa uangalie tena, taratibu, mpaka uone. Hakupata faida yoyote kwa kazi ile. Alitaka tu mtu anayetoka dukani kwake ajue kile alichobeba kinakwenda kukaa wapi.

Yaliyotokea Isimani mwishoni mwa 1971, na miaka iliyofuata, wakati wa vijiji vya Ujamaa, mtu mzima yeyote anayajua, na sina haja ya kuyarudia. Kwetu nyumbani yalifika kwa sura hii: trekta iliondoka uani ikawa ya kijiji. Ikapata madereva wengi. Hakuna kati yao aliyekuwa mtu mbaya, lakini hakuna aliyepima oili asubuhi akijua kwamba ikipungua ni yeye atakayelala njaa. Dukani nako rafu zilianza kuonyesha mbao zake. Fedha za kigeni zilikosekana, shehena zikachelewa, halafu hazikuja kabisa. Mzee akawafundisha madereva kukata gasketi kwa maboksi magumu, kusafisha chujio la dizeli badala ya kulitupa, kushona mkanda wa feni. Aliendelea kufungua duka kila asubuhi, mengi ya makopo yakiwa matupu, kwa sababu watu walikuja kuuliza njia. Watoto wake walihamia Kanada. Yeye alibaki, na alizikwa Iringa katikati ya miaka ya 1990. Jengo likakodishwa kwa biashara nyingine, kisha nyingine, mpaka hii juzi.

Trekta yetu ilikuwa imekwisha kutawanyika zamani. Kijiji kiliiuza vipandevipande, kila mtu akachukua kilichomfaa. Nilipostaafu nikarudi nyumbani, nikaamua kuikusanya.

Nyumba ya difu na ekseli zake ilikuwa shambani kwa jirani, imezama nusu, mbuzi wanapanda juu. Injini, bila kichwa chake, ilikuwa ghalani kwa mzee mmoja aliyeiweka akitumaini kuitia kwenye mashine ya kusaga. Boneti ilikuwa mlango wa banda la kuku. Matairi ya nyuma yalikuwa yamekatwa zamani kuwa makatambuga. Rimu moja la mbele lilining'inia kwenye mti wa shule ya msingi, likigongwa kuwaita watoto darasani. Mwalimu mkuu alinikatalia kwa heshima: rimu haliondoki mpaka liletwe jingine, tena lenye sauti ya kufika mpaka bondeni. Nikatafuta la lori, tukaligonga mbele ya walimu wote, wakaridhika. Giaboksi niliinunua kwa watu wa chuma chakavu, iliyokwisha kupimwa kwa kilo. Kesho yake ingepakiwa.

Fundi niliyempata Ipogolo, hapohapo Iringa, ni yuleyule kijana wa ngazi wa dukani. Sasa ni mzee kuliko alivyokuwa bosi wake enzi zile. Nilimshushia vyuma vyangu uani, akavizunguka kimya, kisha akaanza kuvitaja kimoja kimoja pamoja na namba zake. Kitabu alikuwa nacho kichwani.

Pistoni zilikuwa zimeganda kwa kutu. Tulimimina dizeli iliyochanganywa na oili ya breki juu yake, tukaziacha zinywe kwa majuma, kisha tukazigonga kwa gongo la mti mpaka zikaachia. Slivu zilitolewa, tukaingiza mpya. Krenki iliwekwa kwenye gunia, ikapanda basi hadi Gerezani, Dar es Salaam, kwa wakereza vyuma. Pampu ya dizeli ilipelekwa kwa mtu mwenye mashine ya kupimia. Pampu ya haidroliki, inayokaa ndani ya nyumba ya difu huku imezama kwenye oili, fundi alikataa mtu mwingine asiiguse. Aliifungua juu ya shuka safi, akaipanga kama mchoro wa kitabu kile, akanionyesha kwa kidole kila washa inapokaa.

Kiwanda cha Coventry kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kutengeneza matrekta zaidi ya milioni 3. Kilichotuokoa ni kwamba tangu miaka ya 1960 India na Pakistani zimekuwa zikiunganisha na kutengeneza Massey Ferguson, kwa hiyo pistoni, slivu na ringi bado zinapatikana. Zinapatikana kwa mtu anayejua anachotafuta. Katika duka moja nilimkuta kijana ambaye hakuinua macho kwenye simu yake. Akaniuliza kama nina picha. Nilikuwa na beringi yenyewe mkononi. Akatoa boksi zuri lenye maandishi ya kung'aa, nikalipa, na kabla hatujamaliza kulima eka ya kwanza gololi zilikuwa zimesagika. Mzee wa kaunta ya mninga angeirudisha ile beringi kwenye gari lililoileta.

Siku ya kuwasha tulitoa hewa kwenye chujio, tukatoa kwenye pampu, kisha fundi akalegeza nati za nozeli mpaka dizeli ikatoka bila mapovu. Akakaza. Nikavuta swichi. Ulitoka moshi mweupe mzito, injini ikakohoa, ikashika silinda moja, ya pili, halafu ikatulia kwenye ule mlio wa silinda tatu ambao mtu wa Isimani wa umri wangu anautambua akiwa kitandani. Shangazi alitoka nje akiwa na kanga moja, akashika mdomo. Msimu uliofuata ililima shamba la nyumbani na mashamba ya majirani, na bado inalima.

Tangu trekta ile ilipokufa, mengine mengi yamepita. Miaka ya 1980 tuliona Valmet za Kifini zikiunganishwa Kibaha. Mwaka 2009 ukaja mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza na pawatila, yale matrekta madogo ya kuongozwa kwa mikono. Baadaye zikaja Ursus za Kipoland, nazo zikaunganishwa Kibaha. Sina ugomvi na mashine hizo, na mkulima akipata trekta ni jambo la heri. Lakini kijijini kwetu kuna pawatila iliyoegeshwa chini ya mti msimu wa tatu sasa, nzima kabisa isipokuwa sili moja inayotosha kwenye kiganja cha mtoto. Mwenyewe ameitafuta mji hadi mji. Aliyemuuzia mashine hana sili, hana kitabu, wala hana mtu wa kumuuliza. Hilo linaniuma kuliko kuvunjwa kwa jengo. Mashine inayouzwa bila spea na bila mtu wa kuieleza ni chuma chakavu tangu siku ya kwanza, na mkulima amekinunua kwa bei ya trekta.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayejiandaa kununua trekta, iwe mpya au ya mtumba, nenda dukani kwa spea kabla hujaenda kwa muuza matrekta. Uliza sili, chujio na beringi ya klachi. Uliza nani ataifunga. Ukipata majibu, nunua. Usipoyapata, ondoka na fedha yako. Nanyi wakuu wa vyuo vya ufundi, matrekta yaliyotawanyika vijijini yanunueni kabla mizani ya chuma chakavu haijayafikia, wanafunzi wayaunganishe kwa mikono yao. Trekta ambayo haina chesesi inamwonyesha mwanafunzi kila kitu siku anapoitenganisha.

Na fundi wangu wa Ipogolo bado yupo. Amepita miaka sabini, macho yake yanafifia, na gerejini kwake hana mwanafunzi hata mmoja, kwa kuwa vijana aliokuwa nao wamekwenda kuendesha bodaboda. Mwenye kijana anayependa vyuma ampeleke mapema.