Aiskrimu si ya watu wa mall pekee
Mnibishie mkitaka, lakini aiskrimu haihitaji mashine. Yangu ni vitu viwili: mkebe mmoja wa maziwa mazito yenye sukari na Stoney Tangawizi ya nusu lita, vyote baridi. Mimina soda polepole, povu litulie, koroga, ingiza friza. Kila nusu saa toa, vunja barafu na uma, rudisha. Ukiruka hiyo, utakula jiwe.

Adui ni stima. Tokeni zikiisha usiku, asubuhi una uji wa tangawizi.

Lakini siku hizi kengele ya baiskeli ya aiskrimu ikilia nje, wadogo zangu hawamwangalii mamangu, na yeye halazimiki kusema hana. Hiyo tu inanitosha.