Huu Si Udongo

Mteja wangu wa Chamwino alitaka banda la makuti kando ya uwanja wake wa tenisi. Alikuwa ameliona Zanzibar akiwa likizo. Nikamwambia makuti ni ya pwani, na upepo wa Dodoma ungeyachambua kabla ya mvua za Desemba.

Uwanja wenyewe, mita 23.77 kwa 10.97, ulikuwa umelazwa kaskazini–kusini ili jua lisiwapige wachezaji machoni. Banda nililiweka magharibi, watazamaji wa jioni walipe jua mgongo. Lakini banda refu upande huo lingetupa kivuli uwanjani mchezo ukiwa umenoga. Nilihitaji kitu kifupi, paa bapa, kuta nene.

Nilichora hadi usiku wa manane. Asubuhi nikatazama karatasi: nilikuwa nimechora tembe.

Bibi yangu ni Mgogo, na alizaliwa ndani ya tembe. Aliiacha mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mimi nilikua nikijua kwamba nyumba bora ni ya bati. Chuoni, walipotuuliza kwetu tunajengaje, nilinyamaza.

Mteja aliupenda mchoro. Aliomba jambo moja tu: lisimsumbue kwa matengenezo. Basi nikaweka zege na nondo, juu yake plasta yenye rangi ya udongo. Sijawahi kulipwa vizuri kama pale.

Kabla ya kukabidhi kazi nilimpeleka Bibi akaone. Mlangoni aliinama bila kuambiwa, ingawa mlango niliufanya mrefu. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

“Mume wangu, huu si udongo.”

“Ni saruji, Bibi. Udongo ungetaka kukandikwa upya kila mvua zikiisha.”

“Sisi tulikuwa tunakandika. Wanakuja majirani, tunapika, tunacheka.” Akautazama ukuta mrefu wa ua, na nyaya za umeme juu yake. “Huyu wa kwako, majirani atawaita kwa kazi gani?”

Sikuwa na jibu. Nikamshika mkono, mlinzi akatufungulia geti.

Wiki hii amenipigia mteja mwingine. Anataka banda kama lile, na ameuliza bei. Nimefanya hesabu mbili, ya saruji na ya udongo. Bado sijamtumia hata moja.