Mikoko Iliyokatwa na Maji

Daftari langu la kwanza la Kunduchi limejaa miti nusu nusu. Nilikuwa nikishuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, na penseli, ubao na kigoda, nimeazimia kuchora mkoko mmoja mzima, mzizi kwa mzizi. Mizizi ya mkoko hutoka juu kwenye shina ikajipinda hadi matopeni kama mbavu za jahazi. Sijafika katikati, maji yamenifika vifundoni. Siku za bamvua bahari yetu hupanda zaidi ya mita 3, na haimngoji mchoraji.

Mzee mmoja mtega kaa alizoea kupita nyuma yangu akikagua. “Binti, mchu huo umeutia miguu ya mkoko.” Kweli, nilikuwa nimekosea. Mizizi ya mchu huchomoza wima matopeni, kama penseli zilizopandwa. Nilifuta, nikaanza upya, maji yakaja.

Kilichonigeuza ni chupa kumwagika. Nilikosa maji baridi ya kuchanganyia rangi, nikachovya brashi baharini. Karatasi ilipokauka nyumbani, chumvi ilikuwa imeila rangi, ikaacha madoa meupe na vijishimo. Yalikuwa matope yale yale niliyohangaika nayo miezi mitatu, safari hii na mashimo ya kaa humo humo.

Usiku ule nilitandaza sakafuni karatasi zote zilizonishinda. Kila moja ilikuwa imekatwa mahali maji yalipofika: juu matao ya mizizi, chini karatasi tupu. Nikaanza kupaka turubai kutokana na mkato ule. Majani yakaondoka, kisha shina, kisha upeo wa macho. Yakabaki matao, ukanda mmoja mpana, na wekundu wa kutu, rangi ya maji yaliyochemshiwa magome ya mkoko, yale yanayotumika kutengenezea ngozi.

Baadaye nilikuta kitabuni michoro ya mkaa ya Piet Mondrian, ya mwaka 1914, kutoka Domburg, pwani ya Uholanzi. Bahari imebaki vistari vifupi vya wima na vya kulala, basi. Niliona wivu. Ila bahari yake haina mizizi.

Turubai la kwanza nilimpelekea mzee. Alilitazama kimya, akaligeuza juu chini, akalirudisha.

“Haya maji yanajaa au yanakupwa?”

“Yanajaa.”

“Basi inua kigoda, binti, utalowa.”