KUTOKA TEMPE HADI PHOENIX KATIKA NJIA YA WAUGUZI



Anayetaka kujua jinsi mabinti zetu wanavyosomea uuguzi katika jimbo la Arizona, asianzie ofisini. Na apande treni ndogo ya umeme iendayo Phoenix kutoka Tempe. Mimi nilianzia msikitini Tempe baada ya sala ya alfajiri. Msikiti huo una pembe nane, na umbo lake limefuata Kuba la Mwamba lililoko Baitul Maqdis. Nilipouona, ugeni wote ulinitoka. Jua lilikuwa bado halijakasirika. Mji wa Phoenix, kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai 2023, ulipitisha siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 au zaidi!

Niliongozana na binti wa mwenyeji wangu, mzaliwa wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako wazazi wake walikimbilia kutoka Kongo. Treni ilipovuka daraja la Mto Salt, tayari alikuwa amefungua kitabu.

Mpango anaoufuata ni huu. Stashahada ya miaka miwili katika chuo cha jamii humwezesha mtu kufanya mtihani wa leseni ya uuguzi, nao ni ule ule wa mwenye shahada ya miaka minne. Lakini hospitali nyingi humpendelea mwenye shahada, na mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza wauguzi 80 katika kila 100 wawe nayo ifikapo 2020. Aghalabu mtu alimaliza stashahada, akaajiriwa, akajaliwa watoto, na shahada ikasahauliwa. Katika mpango huu mwanafunzi huandikishwa vyuo viwili kwa wakati mmoja: chuo cha jamii humfundisha kazi ya wodini, na chuo kikuu, kama vile Arizona State, humpa masomo ya shahada, mengi yake kwa njia ya kompyuta. Kabla ya hapo lazima awe amekwisha pita masomo ya maumbile ya mwili, vijidudu na kemia, na hayo pekee huweza kula mwaka mzima au zaidi.

Babaye alikuwa amekataa katakata. Jirani yao aliingia chuo cha kibinafsi, ambacho sitakitaja, kwa mkopo wa riba. Masomo yamekwisha, deni halijaisha. Kilichombadilisha mzee ni hesabu. Ada ya chuo cha jamii ni ndogo mno ikilinganishwa na ya chuo kikuu, na kuna ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo kwa kawaida hairudishwi wala haina riba. Mkimbizi na mwenye ukaazi wa kudumu huweza kuiomba, ila fomu hujazwa upya kila mwaka. Tahadhari: fomu hiyo hiyo hufungua mlango wa mikopo, na majibu huja pamoja katika karatasi moja. Soma kila mstari kabla ya kukubali.

"Baba mdogo," aliniambia, "fedha si shida kubwa. Shida ni usingizi."

Muhula uliopita alianguka somo moja la chuo kikuu, kwa kuwa lilikutana na zamu za wodini na mwezi wa Ramadhani. Akalilipia tena. Mama yake sasa amemwondolea upishi wote, na kaka zake, tena bila ya kunung'unika, wanaosha vyombo. Mimi naona bila ya nyumba kukubali hivyo, heri mtu asome kimoja kwanza.

Alishuka kituo cha mtaa wa 38, mbele ya chuo cha GateWay. Nikaendelea hadi katikati ya Phoenix, nikalitazama jengo la uuguzi la chuo kikuu, jengo ambalo yeye, kwa kauli yake, ameliingia mara mbili tu.

Jioni tulikutana tena garini. Kabla ya kufika mtoni alikuwa amelala, kichwa juu ya mkoba. Nikamwamsha Tempe, magharibi ikiadhiniwa katika simu yake.