Kihisi Kimewekwa Wapi?

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikiganda huharibika, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana safi. Kwa hiyo mama yangu alipoanza kuitumia, sikuliamini jokofu lake la zamani, ambalo swichi yake ina namba 1 hadi 7 zisizosema lolote kuhusu joto halisi.

Nilinunua kidhibiti joto cha kidijitali, aina ya STC-1000. Fundi alikiunganisha na umeme. Kukipanga nilikupanga mwenyewe. Vipengele vyake ni vinne. Cha kwanza ni joto linalotakiwa: niliweka 4. Cha pili ni tofauti inayovumiliwa: niliweka 1, yaani mashine huwaka joto likifika 5 na kuzima likishuka hadi 4. Asiyetaka kuvumilia chochote huishia kuiwasha na kuizima mashine mfululizo mpaka ichakae. Cha tatu ni muda wa kompresa kupumzika kabla ya kuwaka tena: niliweka dakika 5, maana umeme wetu hukatika na kurudi bila hodi. Cha nne ni cha kusahihisha kipimo: kihisi hutumbukizwa katika maji yenye barafu tele iliyopondwa, na kisiposoma 0 hurekebishwa.

Hata hivyo, jambo zito kuliko tarakimu hizo ni mahali pa kukiweka kihisi. Kikikaa karibu na mlango, penye joto, mashine itaendelea kupoza huku dawa iliyo nyuma ikiganda. Kikigusa bamba la barafu, mashine itazima mapema na dawa itapata joto. Katika hali zote mbili, kioo kitaonyesha 4. Kifaa hakisemi uongo. Kinasema kweli ya mahali pasipo na dawa. Mimi nilikiweka ndani ya kichupa cha maji, ubavuni mwa boksi la insulini.

Ndugu msomaji, ndivyo zinavyopatikana taarifa nyingi za utawala wetu. Kihisi kimefungwa katika ofisi ya mkuu, na huko daima ni nyuzi 4. Katika zahanati, joto la jokofu la chanjo huandikwa kwenye chati mara mbili kwa siku. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini muuguzi anayekaripiwa kwa kuandika 11 atajifunza kuandika 5, na mtoto atachomwa chanjo isiyomkinga.

Basi, ewe mtumishi wa umma, ukienda kukagua, usianze na faili. Fungua jokofu, tazama kipimajoto kimelala wapi. Kisha mwulize muuguzi, kwa upole, ni lini mara ya mwisho aliandika namba mbaya, na baada ya hapo alitendewa nini.